Mama anasema naongea na ukuta

BARUA

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 28, naishi Uyole, Mbeya. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, mshahara 280,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa natengeneza podikasti ya viazi mviringo. Wapo wanaosikia viazi wakacheka, lakini huku kwetu viazi ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba.

Jumapili nikitoka kanisani napanda gari kwenda Isyonje, Umalila au Kikondo. Nakaa na mkulima, dalali au kijana wa kupakia magunia, naye ananieleza kazi yake: mbegu kaitoa wapi, lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) inamla kiasi gani, ukungu ukiingia shambani anafanyaje. Safari na kurekodi vinanichukua saa kama sita, nauli 8,000. Narekodi kwa simu na maiki ya kubana kwenye nguo niliyonunua 15,000. Maneno ya utangulizi narekodi chumbani, nimejifunika blanketi gubigubi, tochi ya simu ya pili mkononi ili nisome nilichoandika. Nyumba ni ya bati bila dari, kwa hiyo mvua ikianza, hata rasharasha, nasimama nasubiri. Kuna usiku nimesubiri mpaka saa saba.

Halafu kuhariri. Kila kipindi ni dakika 40 na hutoka kila Ijumaa. Natoa kila "aaa", kila kikohozi, kila kimya. Kwa wiki ni saa 11, zote za usiku. Bando ni 30,000 kwa mwezi kutoka mfukoni mwangu.

Nimeshatoa vipindi 61. Kwa wiki ya kwanza kipindi hupakuliwa mara 160 hivi. Kimoja tu, cha lumbesa, kilifika 900. Nikasema sasa mambo yamefunguka. Kilichofuata kikarudi 150, nikalia. Faili huwa natuma pia kwenye magrupu matatu ya WhatsApp ya wakulima. Mzee mmoja wa Umalila aliniambia huwa anakiweka kwenye spika dukani kwake jioni, watu wanasikiliza wakicheza bao. Nilifurahi siku hiyo, lakini Ijumaa iliyofuata namba ilikuwa ileile.

Sasa nimezungukwa na watu watatu. Binamu yangu wa Dar ananiambia viazi havina soko mtandaoni, nihamie kwenye video, niongelee mapenzi na wasanii. Mwenye duka moja la pembejeo amenipa ofa ya 200,000 kwa mwezi kwa miezi sita, ila kwenye kila kipindi niseme, kwa maneno yangu na sauti yangu, kwamba dawa yake ya ukungu inatibu mnyauko, na nisitaje duka lingine lolote. Mabwana shamba niliowahoji walisema mnyauko hautibiki kwa dawa ya ukungu. Nilipomwambia akajibu kwamba hilo ni tangazo tu, kila mtu anajua matangazo. Na mama, ambaye ninaishi naye, anasema nimekonda kwa kuongea na ukuta.

Shangazi, zamani nilikuwa nikisikia sauti ya mkulima kwenye hedifoni, mwili unasisimka. Siku hizi naangalia namba kabla sijapiga mswaki. Niache? Nibadilishe? Nichukue hela? Nataka kukua, na nataka nikipende tena.

Wa Viazi, Uyole

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umefunga maswali mawili kwenye kitambaa kimoja, ngoja tuyafungue. La kwanza ni kama kipindi chako kinawafikia watu. La pili ni kama wewe bado unakipenda. Yote mawili umeyajibu kwa namba moja, 160, na sidhani kama namba hiyo ina ubavu wa kuyabeba.

Namba unayoiona asubuhi inahesabu faili lililopakuliwa kutoka mahali ulipoliweka. Faili unalotuma WhatsApp haliingii kwenye hesabu hiyo. Likitumwa kwenye grupu moja, likapelekwa kwenye lingine, likasikilizwa na watu 50, kwenye jedwali lako ni sifuri. Na yule mzee wa Umalila umempa sentensi mbili tu katikati ya barua: simu moja, spika moja, na benchi zima la wacheza bao. Wote wale wanahesabiwa kama mtu mmoja, au hawahesabiwi kabisa. Kwa hiyo unaposema hukui, nakuuliza kwa upole: umejuaje?

Kuna njia rahisi ya kujaribu. Nunua laini ya pili, isiyo yako ya kila siku (wewe ni binti, na namba ikishatangazwa watapiga hata wasiohusika). Kwenye vipindi vinne vinavyofuata, dakika ya mwisho kabisa, useme: "Kama umesikiliza mpaka hapa, nibip kwenye namba hii." Kubip hakumgharimu mtu kitu. Andika kwenye daftari wamebip wangapi kwa kila kipindi, kisha wapigie watano, uwaulize wawili watatu wamekipata kwa nani, wamekisikilizia wapi, na wamefanya nini baada ya kusikia. Hapo utajua wangapi wanafika mwisho, jambo ambalo 160 haikuambii. Kuna hatari yake, nayo nikuambie mapema: huenda wakabip kumi tu. Jiandae moyo kabla. Lakini kumi waliofika dakika ya 40 ni watu unaoweza kuongea nao.

Kile cha lumbesa nacho kiangalie upya. Kilifika 900 kwa sababu kiligusa mfuko wa kila mtu, mkulima, dalali na mnunuzi wa Dar. Kipindi cha kuchagua mbegu kinamhusu anayepanda mwezi ujao, basi. Ukipima cha mbegu kwa kipimo cha lumbesa, kila Ijumaa utajiona umeanguka.

Sasa tuje kwenye uchovu, maana naona huko ndiko mzigo uliko. Saa sita za Jumapili na saa 11 za kuhariri ni saa 17 kwa wiki, juu ya saa 60 za dukani. Mtu wa namna hiyo akisema hakipendi tena kipindi chake, mimi namuuliza kwanza analala saa ngapi.

Dakika 40 za nini? Msikilizaji wako yuko shambani au anasubiri gari Uyole. Kipindi cha dakika 40 kwa stereo (mikondo miwili ya sauti) ya kilobiti 128 kwa sekunde kina uzito wa megabaiti 38 na kidogo. Kipindi cha dakika 20 kwa mono (mkondo mmoja) ya kilobiti 64, ambayo kwa maongezi matupu inasikika vizuri, hakifiki 10. Hiyo ni robo ya bando la mkulima, na robo ya bando lako wewe unayekipandisha. Sauti moja inayoongea haihitaji stereo.

Saa 11 za kuhariri zinaanzia kwenye kurekodi. Ukienda na maswali 20 utarudi na saa nzima ya maongezi, na kila dakika utailipa usiku. Nenda na maswali saba. Rekodi dakika 25 ili upate 20. Mkulima akikosea au lori likipita, piga kofi moja karibu na maiki, umwombe arudie. Kofi lile linaonekana kwenye mawimbi ya sauti kama mwiba, ukifungua Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, unaenda moja kwa moja pa kukata. "Aaa" na kimya viache vingi. Mzee akinyamaza kidogo kabla ya kusema alipotezaje ekari mbili, kile kimya ni sehemu ya maneno yake, na ukikikata unabaki na mtu anayeongea kama redio ya matangazo ya vifo. Kata kinachomchanganya msikilizaji tu. Ukifanya hivyo, kazi ya saa 11 inaweza kushuka hadi nne au tano.

Maiki yako ya 15,000 inatosha. Ibane kiganja kimoja chini ya kidevu, mbali na zipu na mkunjo wa khanga, kwa sababu mkwaruzo wa nguo hautoki kwa kuhariri. Simu iweke kwenye hali ya ndege. Kilele cha sauti kicheze kati ya desibeli -12 na -6; ikigusa sifuri inapasuka, na sauti iliyopasuka hairudi. Rekodi dakika moja, isikilize kwa hedifoni papo hapo, ndipo muendelee. Kabla hamjaanza, nyamazeni sekunde kumi ili upate mngurumo wa mahali penyewe. Audacity inatumia kipande hicho kuupunguza. Upunguze kidogo tu. Ukizidisha, sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya debe. Mwishoni kata mngurumo wa chini ya hezi 80, kisha sawazisha ukubwa wa sauti kwenye LUFS -19 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kiwango cha kawaida cha mono, ili msikilizaji asilazimike kuongeza na kupunguza sauti kila saa.

Upepo wa milima ya Uporoto usishindane nao. Omba mkae ghalani. Magunia ya viazi yanameza mwangwi kuliko blanketi lako, na ukuta unazuia upepo.

Kuhusu mvua juu ya bati, hilo linahitaji kalenda kuliko kifaa. Kwetu mvua zinaanza Novemba na zinaondoka Aprili au Mei. Juni mpaka Oktoba kuna Jumapili kama 22. Ukizitumia 12 tu, na kila safari ukarudi na mahojiano mawili badala ya moja, unapata vipindi 24. Ukitoa kimoja kila wiki mbili, hivyo ni karibu vya mwaka mzima. Unavianika na kuvitunza kama watu wanavyotunza mahindi darini, halafu msimu wa mvua unalala. Kinachochacha haraka ni bei, kwa hiyo mambo ya bei yaweke kwenye sauti fupi ya dakika tatu unayoirekodi wiki hiyohiyo. Ubaya wake ni huu: waliozoea Ijumaa watakutafuta wasikuone. Watangazie mara tatu kabla ya kubadilisha. Msikilizaji anasamehe ratiba mpya kirahisi kuliko mtu aliyepotea bila kuaga.

Kuhusu mwenye duka, nitakaa hapa kidogo, mwanangu.

Kwanza, usijione mroho. 200,000 kwa vipindi vinne ni 50,000 kwa kipindi. Ukitoa nauli na robo ya bando inabaki 34,500, kwa saa 17 ni kama 2,000 kwa saa. Dukani, ukigawa mshahara wako kwa saa unazosimama pale, unapata 1,100 hivi. Kwa hiyo sauti yako imetajiwa bei karibu mara mbili ya kusimama kwako kaunta. Hilo ni jambo la kweli, na ni haki likuguse. Ila pia ni mkataba wa miezi sita, na peke yake haufikii mshahara, kwa hiyo haukupi ruhusa ya kuacha kazi.

Pili, ofa ina vitu viwili ndani, udhamini na kauli, na vinaweza kutenganishwa. Mabwana shamba walikuambia sahihi. Ukungu wa majani, ule wa baka chelewa, dawa za ukungu zinauzuia zikinyunyiziwa mapema. Mnyauko ni bakteria, anakaa kwenye udongo na ndani ya kiazi chenyewe, na dawa ya ukungu haimgusi. Mkulima akitaka kuhakikisha, akate kipande cha shina la mche ulionyauka, akining'inize kwenye glasi ya maji masafi, asubiri dakika chache. Kama ni mnyauko bakteria, ataona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka taratibu kutoka kwenye mkato. Kinachomsaidia huyo ni mbegu safi, kung'oa mche mgonjwa pamoja na viazi vyake, na kupumzisha shamba kwa mahindi au nafaka nyingine kwa misimu kadhaa. Dawa atakayonunua kwa maneno yako itammaliza fedha, na mnyauko utabaki palepale. Halafu Jumapili moja utateremka Isyonje, naye atakuwa amekaa palepale ulipomhoji.

Umesema mwenye duka anadai kila mtu anajua matangazo ni matangazo. Inawezekana kwa redio. Lakini yeye hakukuomba tangazo, alikuomba useme kwa maneno yako. Jiulize kwa nini.

Unaweza kumrudia na ofa yako. Mwambie utasoma tangazo la sekunde 30, limetanguliwa na maneno "hili ni tangazo", limerekodiwa peke yake ili liweze kutolewa na kubadilishwa, na linasema yale tu yaliyo kwenye lebo ya dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Au adhamini kwa pampu za kunyunyizia, kwa magunia, au kwa jina la duka lake tu. Muulize pia kwa maandishi: vipindi ni mali ya nani mkataba ukiisha? Kutotaja duka lingine kunamhusu pia mkulima unayemhoji, akitaja alikonunua mbegu? Nani anajibu mkulima akilalamika? Anaweza kukubali. Anaweza kukasirika na kumpa mwingine hela hizo, na utaumia, kwa sababu 200,000 si kidogo nyumbani kwenu. Maumivu hayo uyapime wewe, mimi siwezi kukupimia.

Siku utakayoanza kupokea hela za matangazo, pita ofisi ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, iko hapohapo Mbeya. Kanuni za Maudhui Mtandaoni ni za 2020 na zilirekebishwa 2022. Waeleze kipindi chako ni cha nini, waulize kama kinahitaji leseni, na uombe jibu la maandishi. Na kila unayemhoji, aseme mwenyewe kwenye rekodi, mwanzoni, jina lake au kwamba hataki litajwe, na kwamba anajua sauti itasambaa mpaka WhatsApp. Kijana wa kupakia anayesema ukweli wa lumbesa anaweza kukosa kibarua kesho yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, yule ni mtoto wa mtu.

Binamu yako simpuuzi. Video inasambaa upesi kuliko sauti, hilo ni kweli. Lakini piga hesabu. Simu ikirekodi video safi inakula kama megabaiti 100 kwa dakika, mara nyingi zaidi, kwa hiyo dakika 20 ni gigabaiti mbili za kuhifadhi, kuhariri na kupandisha, kila wiki. Bando la 30,000 litalia. Na mtu anayepalilia hawezi kutazama video. Kama unataka kuonja, chukua sekunde 50 nzuri za kipindi, ziweke juu ya picha moja ya shamba au ya mikono ya mkulima ikishika mbegu (si uso, kama hakuruhusu), uzitume kama chambo, uone miezi miwili. Mapenzi na wasanii ni kazi halali, ina watu wake wanaoijua na kuipenda. Katika barua yako yote sikuona mstari mmoja unaosema wewe unaitamani.

Kuacha kabisa pia ni njia, na usiione aibu. Vipindi 61 vitaendelea kusikilizwa hata ukikaa kimya. Ila ningependa uamuzi huo uufanye ukiwa umelala vizuri wiki tatu mfululizo, kwa sababu moyo uliochoka na moyo ulioacha kupenda vinafanana sana usiku wa manane.

Na mama. Anachokiona yeye ni mtoto aliyefunikwa blanketi saa saba usiku, anaongea peke yake, asubuhi anaenda kazini bila kula. Hajawahi kuona upande wa pili. Jumapili moja mchukue. Msiende kurekodi. Nendeni Umalila jioni, mkae dukani kwa yule mzee, wewe ukae kimya pembeni, spika iwashwe. Mwangalie mama anaangalia nini. Wewe waangalie wacheza bao: ni wakati gani mkono unabaki hewani na kete ndani yake, na ni wakati gani wanaanza kuongea juu ya sauti yako. Andika dakika hizo kwenye daftari, pembeni ya hesabu ya waliobip.

Ukishavipata vyote viwili, niandikie tena. Na uniambie kama mwili ulisisimka.

Shangazi